Kiatu Chenye Mishono Nje

Siku ya nne tangu binti abadili mwendo ndipo mama mtu alipoisikia harufu. Alikuwa amepiga magoti akifuta sakafu, binti akapita karibu yake akikanyagia kisigino cha mguu wa kulia, vidole vikielea hewani, na harufu ikapita naye kama ya nyama iliyosahauliwa sufuriani.

"Chiriku, hebu simama."

Chiriku hakusimama. Alikuwa na miaka kumi na minne, na kusimama eti kwa sababu ameambiwa simama halikuwa jambo alilolikubali duniani. Jina hilo la ndege alipewa na bibi yake kwa ajili ya vile vilio vidogo vya furaha alivyovitoa asubuhi hadi jioni. Maneno yenyewe alikuwa nayo machache, na yote alikuwa ameyaokota kwa baba yake. Daktari wa watoto alikwisha kuitaja hali yake tangu akiwa na miaka mitano: usonji. Wazazi walilibeba neno hilo hadi nyumbani, na mpaka leo hawakuwa na uhakika waliweke wapi.

Mama mtu alimfuata hadi barazani. Hapo ndipo mumewe alipofanyia kazi, na chini ya meza yake ndipo mahali pa Chiriku palipokuwa. Tangu alipoanza kutambaa alikaa humo, mgongo ameuegemeza kwenye mguu wa baba yake, akipanga vibunda vya uzi, vyeusi huku, vya kahawia kule. Fundi alikwisha kuzoea kushona viatu siku nzima bila kuusogeza mguu ule.

"Baba Chiriku, weka nyundo. Mtazame mtoto mguu."

"Si mwendo wake mpya huo? Mwezi uliopita alikuwa anatembea kinyumenyume."

"Mtazame, nakwambia."

Fundi aliinama chini ya meza. Kati ya kidole gumba na cha pili nyama ilikuwa imevimba ikawa nyeusi, na katikati ya uvimbe palikuwa na kitu kidogo kinachong'aa, kama jicho la samaki. Alikitambua bila kukigusa. Kilikuwa kichwa cha msumari wa viatu, ule mfupi wa kupigilia visigino. Pakiti yake ilikuwa hapo mezani, imefunguliwa.

"Ni wangu," alisema. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Hospitalini nesi aliuangalia mguu, kisha akawaangalia wao, kwanza mama, halafu baba, halafu mama tena.

"Siku nne? Mtoto ana msumari mguuni siku nne na ninyi mpo?"

"Hakulia," mama mtu alisema. "Ana usonji. Ukimgusa na unyoya atapiga kelele, lakini akichomwa anaweza kunyamaza. Ndivyo alivyo."

"Na viatu? Hata ndala?"

"Havai. Tumejaribu."

"Mtoto havai! Kwani nyumbani kwenu mkubwa nani?" Nesi alivuta fomu, akabonyeza kalamu. "Baba, kazi yako?"

Fundi alizificha nyuma mikono yake yenye rangi nyeusi kwenye kucha. "Fundi."

"Fundi wa nini? Magari? Umeme?"

"Viatu."

Kalamu ilisimama. Mtu aliyekaa kwenye benchi nyuma yao aliangua kicheko, akakigeuza kikohozi. Nesi hakucheka. Aliandika, akapiga mstari chini ya alichoandika.

Vidole viwili vilikatwa siku ileile. Chiriku alikaa wodini siku tisa, na jambo moja likamshangaza mama yake: bendeji hakuichukia. Manesi walijiandaa kumfunga mikono asije akaivua, lakini alitulia tuli wakati wanaizungusha, na walipolegeza kidogo alilia. Mama mtu aliliona hilo akaliweka moyoni.

Siku ya kuruhusiwa daktari aliwaita wazazi pembeni. Alikuwa kijana, amechoka, na hakuwa na muda wa kuzunguka.

"Ngozi iliyoota pale ni nyepesi kama karatasi, na hatawaambia kikimchoma kitu. Kwa hiyo asikanyage chini peku, hata chumbani. Kikiingia kitu kingine pale, sitakuwa nakata vidole tena." Aliweka ubavu wa kiganja chake juu ya kifundo cha mguu wake mwenyewe, akautoa.

Njia nzima fundi alikitazama kifundo cha binti. Machoni pake kile kiganja cha daktari kilikuwa bado kimekaa hapo.

Shangazi yake Chiriku alifika juma lililofuata kuja kusaidia, na hakuja mikono mitupu. Alikuwa amenunua viatu dukani, vyeusi, vinang'aa, vya kamba, bado vimejazwa karatasi ndani. Alikuwa amejinyima ili avipate, na alitaka vionekane mguuni.

"Kaka, huyu mmemdekeza," alisema. Mama mtu alikuwa ametoka kwenda kufuata dawa za kidonda. "Mimi nimelea sita. Kila mmoja alilia siku ya kwanza ya kiatu, siku ya pili akasahau. Tumvishe sasa hivi kabla wifi hajarudi kuanza huruma zake."

"Huyu si kama wale sita."

"Daktari amesema nini?"

Fundi aliutazama mlango. Alikiona kile kiganja juu ya kifundo. Alikuwa mtu mpole, wateja walimdhulumu hadharani akacheka nao, lakini hofu humfanya mpole jasiri mahali pasipostahili. Akaingia chumbani na dada yake, akafunga mlango.

Chiriku alikuwa kitandani akipanga vifungo vya nguo. Alipoviona viatu alisema, kwa sauti ileile ya fundi anapowaondoa wateja, "Njoo kesho."

Hilo ndilo neno lililokuwa likiwachekesha watu wa mtaa. Baba yake aliwaambia wateja njoo kesho mara ishirini kwa siku, naye akaliokota, akalitumia kwa kila asichokitaka. Uji wa moto, njoo kesho. Kitana, njoo kesho. Mvua yenyewe aliiambia njoo kesho.

"Leo, mwanangu," fundi alisema. "Dakika moja tu." Akamshika mabega.

Ilichukua zaidi ya dakika moja. Shangazi alikalia mapaja, fundi akaibana mikono kifuani pake. Kiatu cha kushoto kikaingia. Cha kulia kilipoanza kupita juu ya kidonda msichana alijikunja kama samaki nchi kavu, akamng'ata baba yake mkononi mpaka meno yakakutana, akakipiga kichwa chake ukutani, na muda wote huo akipiga ukelele, "Njoo kesho! Njoo kesho! Njoo kesho!" Majirani walikuja mpaka dirishani wakidhani anauawa mtu. Fundi hakuachia. Alikuwa akisema, "Pole, mama, pole, mama," na mikono yake ikizidi kukaza.

Kisha kelele zikakatika ghafla. Shuka ililowa. Chiriku alilala amefumbua macho, anatazama dari, viatu vyeusi vimefungwa kamba miguuni.

"Umeona?" shangazi alisema, akihema, akijifuta jasho. "Ameshazoea."

Mama mtu aliporudi hakuuliza chochote mpaka alipokwisha kuzifungua zile kamba, kumfuta damu kwenye paji la uso na kumbadilisha nguo. Ndipo akatoka ukumbini.

"Nani alimshika?"

"Mimi," fundi alisema. Alikuwa ameuzungushia mkono kitambaa. "Kwa faida yake."

"Wifi, chukua viatu vyako."

"Nilitaka kusaidia, wifi. Mungu ni shahidi."

"Najua. Vichukue."

Kesho yake chini ya meza palikuwa patupu. Fundi alishona mpaka adhuhuri, mguu wake umenyooshwa mahali pake pa kila siku, na hakuna mgongo uliouegemea. Alipoingia ndani kula, Chiriku aliinuka akatoka kwa mlango wa nyuma, sahani yake mkononi. Jioni alijifunika shuka gubigubi mpaka baba yake alipoondoka chumbani. Siku ya tatu ikawa hivyo. Ya kumi ikawa hivyo.

"Atasahau tu," fundi alimwambia mkewe.

Mkewe alikuwa akiufunga mguu wa binti kwa vipande virefu vya shuka, tabaka juu ya tabaka, amekaza sana, na chini yake karatasi ngumu. Alifua vipande hivyo kila siku, akavianika, akamfunga upya. Juma la tatu Chiriku alikanyaga uani, tambara likahama, kidonda kikafunguka. Daktari aliwapa majuma mawili: kisipofunga, atakata mguu.

Ndipo mama mtu alipokwenda barazani, akaketi kwenye kile kiti cha wateja.

"Mteja akija unampimaje?"

"Kwa futi. Naushika mguu, nazungusha kamba."

"Mimi ni mteja. Nataka viatu vya binti yangu, lakini huwezi kumgusa, na akikuona anakimbia. Utafanyaje?"

Fundi aliutazama mkono wake, pale meno yalipoacha alama ya duara. "Mmwagie maji sakafuni," alisema mwishoni.

Mama mtu alimlowesha Chiriku nyayo zote mbili, akamtembeza juu ya saruji kavu, akampeleka uani. Fundi aliingia haraka na chaki kabla nyayo hazijakauka. Alipiga magoti akazichora, ya kushoto nzima, ya kulia yenye pengo. Alipofika kwenye lile pengo aliinua chaki. Hakujua alichore au aliruke. Maji yakaendelea kukauka. Mwishowe alilichora.

Jozi ya kwanza aliifanya kwa ngozi ya mbuzi iliyo laini kuliko zote alizokuwa nazo. Mama mtu aliipeleka ndani. Muda si muda viatu viliruka juu ya ukuta wa ua, vikatua kwenye mtaro.

"Vina nini?" fundi aliuliza. "Hata mtoto mchanga angevivaa."

Mkewe alikuwa ameviokota, ameingiza mkono ndani, amefumba macho. "Kuna kamba hapa ubavuni."

"Huo ni mshono. Kila kiatu kina mshono."

"Yeye hana habari na kila kiatu. Ingiza mkono wewe. Sasa fikiria huo mshono unakupigia kelele sikioni, kutwa."

Fundi aliingiza mkono. Kwa miaka ishirini na mbili ufundi wake ulikuwa kuuficha mshono, watu walimsifu kwa hilo, kiatu chake kwa nje kilikuwa kama kimezaliwa hivyo. Wapi alikuwa akiuficha? Ndani, kwenye mguu wa mtu. Alikichukua kiatu akakipindua, nje ikawa ndani.

Jozi ya pili mishono ilikuwa nje, imejitokeza kama makovu. Chiriku alikigusa kiatu, akakisogeza puani, akatapika. Ilikuwa gundi. Fundi hakuwa akiisikia tena harufu yake, pua ilikwisha kufa kwayo zamani. Alitupa gundi kando, akashona soli kwa uzi na nta peke yake, tundu kwa tundu, mpaka vidole vikapasuka. Jozi ya tatu Chiriku aliivaa kwa hatua tatu. Hatua ya nne alijiziba masikio.

"Soli inalia," mama mtu alikuja kusema. "Ko, ko, ko. Anaisikia."

"Sasa nimwekee soli ya nini? Pamba?"

"Fundi nani, mimi au wewe?"

Wateja walianza kulalama. Karani mmoja mstaafu, mwenye kiatu kimoja tu cha kutokea, alikuja kwa mara ya nne akakuta kiatu chake bado kimepanua mdomo, na mezani ile jozi ya ajabu iliyogeuzwa ndani nje.

"Fundi, umeanza kunywa?"

"Hapana, mzee wangu."

"Maana mishono naiona huku nje. Kesho utanishonea suruali mifuko ikininginia kama masikio ya mbuzi." Waliokuwa wakipita wakacheka, naye karani akapata nguvu. "Na huyo binti yako, kwani ngozi imeadimika nyumbani? Mpishi anakosaje chakula?"

Zamani fundi angecheka naye. Safari hii alikitoa kiatu cha mzee kwenye rafu, akampa mkononi, bado kimepanua mdomo. "Nenda kwa fundi mwingine, mzee wangu. Mimi nina mteja."

Ngozi aliyoitaka hakuipata kwenye rafu. Mama mtu alimpelekea Chiriku vipande vya kila aina, kimoja kimoja. Msichana alijipangusia shavuni, akavitupa. Kimoja tu alikataa kukiachia, nacho hakikuwa kipande cha viatu. Mama mtu alikuwa amekiokota kwa makosa sakafuni. Kilikuwa kimechanika kutoka kwenye aproni ya fundi, ile ya ngozi aliyokuwa akiivaa tangu alipokuwa mwanafunzi wa kazi. Miaka ya jasho na kusuguliwa ilikuwa imeilainisha ikawa kama ukope wa jicho.

Fundi aliivua, akailaza mezani. Aliipapasa mara moja. Akachukua mkasi.

Sehemu ya juu ya viatu aliikata kwenye aproni. Chini alipanga matabaka ya blanketi kuukuu, na chini ya hayo mpira wa ndani wa tairi, alioufua na kuuanika siku tano mpaka ukaacha kunuka. Pale penye pengo la vidole alijaza sufi ili mguu usiteleze. Badala ya kamba aliweka mkanda mpana unaozunguka kuanzia unyayoni hadi juu ya kifundo, kama bendeji. Viatu vilivyotoka hapo vilikuwa vibaya kwa sura. Hata yeye alivionea aibu. Zilikuwa zimebaki siku mbili katika yale majuma mawili.

Mama mtu aliviweka kando ya kitanda asubuhi, akaendelea kukunja nguo kana kwamba hana habari navyo. Fundi alisimama ukumbini, nyuma ya ukuta, asionekane.

Chiriku aliviangalia kwa kitambo. Akakichukua kimoja. Alikinusa, akanusa tena. Akaingiza mkono mpaka kwenye kifundo chake, akaupitisha kila mahali, taratibu, kama mtu anayetafuta sarafu iliyodondoka. Kisha akaunyoosha mguu kwa mama yake.

Mama mtu alimvisha. Alizungusha mkanda, akaufunga.

"Kaza," Chiriku alisema.

Lilikuwa neno la barazani, alilolisikia tangu utotoni baba yake akijisemea anapovuta uzi. Mama mtu akakaza.

"Kaza."

Akakaza tena, mpaka akaogopa. Chiriku alishusha pumzi ndefu. Nyuma ya ukuta fundi alisubiri kusikia nyayo na hakusikia kitu, akadhani amekataa. Alikaribia kuondoka. Ndipo aliposikia kile kilio kidogo cha furaha, kikitokea upande wa uani, mbali kabisa na kitanda. Chiriku alikuwa ametembea na soli haikulia.

Fundi alikaa chini sakafuni, akajifunika uso kwa mikono.

Mguu ulipona. Daktari alivigeuza viatu mkononi, akavikagua, akauliza ni nani mtengenezaji. "Baba yake," mama mtu alisema. "Yuko wapi, nimpe mkono?" Alikuwa nje, mwisho wa korido. Kama angeingia, binti angetoka na bendeji nusu imefungwa.

Baada ya hapo daktari alimwelekeza kwa fundi mwanamke mmoja, aliyekuja na habari za kaka yake, mtu mzima wa miaka thelathini ambaye hajavaa kiatu maishani. Alieleza kwamba nyumbani wako wanaume wanne wenye nguvu, wanaweza kumleta na kumtuliza wakati wa kupimwa.

"Msimlete," fundi alisema. "Mloweshe miguu atembee, halafu niite nije. Na wale wanaume wanne," alisita, "wasimshike. Hata kama ni kwa faida yake. Unanisikia, mama? Wasimshike."

Mwanamke alimtazama alama ya mkononi, akasema amesikia.

Mwezi wa tatu tangu mguu upone, mama mtu alimletea viatu vya Chiriku mchana, mwenyewe akiwa amelala. Soli zilikuwa zimelika ubavuni, zaidi ya alivyotarajia. Fundi alikwangua tope kwa ukucha. Lilikuwa jeusi, la mtaroni, na vijiwe vyenye ncha vilikuwa vimejipachika kwenye mpira.

"Anapita wapi huyu? Kutoka mlangoni mpaka dukani ni lami."

"Anapita nyuma. Tukienda dukani tunatokea uani, tunazunguka nyumba nane, tunashika mtaro."

"Kwa nini?"

"Baba Chiriku."

Alielewa. Njia ya mbele ilipita barazani.

"Basi nitahamisha meza. Nitaiweka kule upande wa pili, au niende nikatafute kibanda."

"Ulipokuwa msibani siku zile mbili, alirudi kukaa chini yake. Sikutaka kukwambia. Alikaa kutwa, akapanga nyuzi zake zote. Meza iache." Aliketi kwenye kiti cha wateja. "Anayemkimbia si meza."

Mtaani watu walipita, mmoja akamsalimu fundi, naye akaitikia bila kuinua kichwa. Aliikata soli iliyochakaa, akaitoa yote. Akapima mpira mpya, akaukata mpana zaidi upande wa nje, ambako ulikuwa umelika, akaongeza tabaka jingine chini ya kisigino kwa ajili ya yale mawe.

"Zito hilo," mkewe alisema.

"Njia yenyewe ni ndefu," fundi alijibu, akavuta uzi.